Shilingi ya Kaya na Shilingi ya Serikali

Ugonjwa haungoji mavuno. Mtoto hushikwa na homa wakati ghala imekwisha na mahindi yangali mabichi shambani. Baba hana la kufanya ila kuuza mbuzi kwa bei ya mwenye shida, au kukopa kwa jirani. Mtoto apona, lakini nyumba yabaki na ugonjwa mwingine, nao ni deni. Wasomaji wetu walioyaona hayo wanajua kwa nini twapenda kuzungumza juu ya bima ya afya, na hasa juu ya ruzuku, yaani fedha ambazo serikali huongeza ili bima isimshinde mtu wa kawaida.

Bima ni kuchangiana mzigo. Watu wengi hutoa kidogo wakiwa wazima, ili wachache watakaougua mwaka huo watibiwe bila kudaiwa fedha mlangoni. Nchini Tanzania jambo hili lilijaribiwa katika wilaya ya Igunga mwaka 1996, kwa jina la Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2001 likawekewa sheria. Mwanachama aliweza kuwa kaya nzima: baba, mama, na watoto walio chini ya miaka 18. Serikali nayo iliahidi kuongeza kiasi kilekile kilichochangwa na wananchi, shilingi kwa shilingi. Mpango huo uliitwa "tele kwa tele".

Natufanye hesabu. Kaya 1,000 zikitoa shilingi 10,000 kila moja, zapatikana shilingi milioni 10. Serikali ikitimiza ahadi yake, zawa milioni 20. Basi kaya yachangia nusu tu ya fedha zinazoingia mfukoni. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili: kila shilingi isiyotolewa na kaya yaipunguzia zahanati shilingi mbili.

Tena mpango huo ulikuwa na kasoro yake. Ruzuku ya namna hii hufuata mchango, nao mchango hufuata uwezo. Wilaya yenye kipato ikitoa nyingi huongezewa nyingi. Wilaya maskini ikitoa haba huongezewa haba. Na mjane asiye na shilingi ya kwanza hawezi kuivuta ya pili. Ni kweli kwamba sheria ya 2001 iliruhusu wasiojiweza wasamehewe mchango. Lakini kusamehewa si sawa na kulipiwa. Msamaha usiofidiwa haununui dawa.

Majirani zetu wa Rwanda walishika njia nyingine. Mwaka 2011 waliwagawa watu kwa kadiri ya hali zao. Wenye nacho walitakiwa kutoa franki 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka, wa kati 3,000, na maskini kabisa walilipiwa 2,000 na serikali pamoja na wafadhili. Hapo ruzuku ilianza na yule asiye na kitu.

Tanzania nayo ilisogea. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 iliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa kila kichwa. Kisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikaagiza uwepo mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, na kutaja vyanzo vyake, miongoni mwavyo ushuru wa vileo, wa soda na wa vipodozi. Twaliona shauri hili kuwa la haki: anayeweza kununua anasa amchangie asiyeweza kununua dawa.

Wako watakaotujibu: "Tulitoa mchango, tukafika zahanati, tukaambiwa dawa hakuna, tukanunue dukani." Malalamiko hayo ni ya kweli, wala hatutaki kuyafunika. Ruzuku huishusha bei ya kadi. Yenyewe haijazi rafu za dawa. Kadi rahisi isiyo na dawa ni kadi ghali. Kwa hiyo yaipasa serikali kuleta fungu lake kwa wakati, na kamati za afya kuonyesha hesabu mbele ya wananchi. Nao wananchi wasiogope kuuliza mkutanoni: tumechanga ngapi, tumeongezewa ngapi, zimenunua nini?

Lakini kaya nazo zina wajibu wao. Anayetafuta kadi siku ya kuugua ni kama anayechimba kisima nyumba ikiwaka moto. Wote wakifanya hivyo, mfuko utakuwa na wagonjwa tu, nao utafilisika, hata serikali iongeze nini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi baba na mama, mkisha kuuza mazao, kabla fedha hazijatawanyika, ketini pamoja mtenge mchango wa afya kama mnavyotenga mbegu. Mbuzi abaki zizini.