SETILAITI IKIZEEKA HUTUPWA WAPI?

Mkazi wa Bukoba au Muleba atazamapo mbingu jioni isiyo na mawingu huweza kuona nukta ya nuru ikipita taratibu kati ya nyota, bila kumetameta. Hiyo ni setilaiti. Je, imalizapo kazi yake huenda wapi?

Tuchukue mfano wa jirani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kupima miale ya eksirei itokayo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Njia yake haikuvuka nyuzi 3 kaskazini wala kusini mwa Ikweta; na kwa kuwa Bukoba na Muleba hazifiki nyuzi 2 kusini, zilikuwa ndani ya ukanda huo. Kazi yake ilikoma mwaka 1973, lakini chombo kiliendelea kuzunguka kimya hadi Aprili 1979, kilipoingia katika hewa nzito.

Kwa nini kilishuka chenyewe? Katika kimo cha kilomita 500 hewa bado ipo, ingawa ni haba mno. Hewa hiyo huipokonya setilaiti nishati kidogo kidogo, nayo hushuka hadi iungue kwa joto kali. Hiyo ndiyo njia ya kwanza.

Njia ya pili ni kuishusha kwa injini, ili mabaki yaangukie bahari isiyo na watu. Hivyo ndivyo kituo cha Mir cha Urusi kilivyozamishwa katika Pasifiki ya Kusini tarehe 23 Machi 2001.

Njia ya tatu ni kuipandisha. Setilaiti zinazohudumia madishi ya televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya Ikweta, mbali mno kurudishwa. Mafuta yakikaribia kwisha, husukumwa kilomita kama 300 juu zaidi, kama chombo kibovu kinavyoondolewa njiani. Kisha mafuta yaliyosalia humwagwa na betri huzimwa, zisije zikalipuka.

Uzembe una gharama. Tarehe 10 Februari 2009, setilaiti mbovu ya Urusi iligongana na ya Marekani iliyokuwa kazini, zikasambaratika vipande maelfu. Na tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la anga la nchi hiyo lilieleza kuwa ilikuwa sehemu ya roketi. Hakuna aliyeumia.

Basi, kitu kama hicho kikianguka shambani, kisiguswe, kwani huenda kina mabaki ya mafuta yenye sumu. Watoto wazuiwe, na mwenyekiti wa kijiji na polisi waarifiwe mara moja. Chini ya Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo hudaiwa fidia ya madhara yake ardhini.

Zoezi: Setilaiti mbili ziko kilomita 500 na kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ipi itashuka bila kusukumwa? Toa sababu.