Manukato Mazito ya Maua: Bonyeza Mara Mbili, Utoke

Jumamosi una sendofu Kayanga, na kabatini una chupa ya manukato ya maua, yale mazito ya gharama. Usiyaogope. Ila Kihanga si Dar es Salaam, na namna ya kuyatumia inabadilika.

Huku kwetu asubuhi ni baridi, na kwenye baridi harufu haipandi haraka. Unajipulizia, husikii kitu, unaongeza. Saa nane mchana ukumbi umejaa, mwili umepata joto, na mara zote sita ulizobonyeza zinaamka kwa pamoja. Aliyekaa karibu nawe anasogeza kiti. Bonyeza mara mbili tu, hata ukiona ni kidogo. Pua yako huyazoea upesi. Za wenzako bado zinayasikia.

Jipulizie nusu saa kabla ya kutoka. Mwanzoni unasikia spiriti na harufu nyepesi. Ua lenyewe linakuja baadaye.

Kabla ya hapo oga, jifute, paka mafuta yasiyo na harufu. Vaseline ya kawaida inatosha. Ngozi kavu haishiki manukato.

Mara ya kwanza bonyeza kifuani, ya pili nyuma ya shingo. Ukipanda bodaboda kutoka Kihanga hadi Kayanga, upepo utakula ya shingoni. Ya kifuani, chini ya kitenge na koti, unafika nayo. Ukivua koti, ndipo watu wanakusikia. Usisugue, acha yakauke yenyewe. Na usipulizie hariri au nguo nyeupe, yanaacha doa.

Ukienda kuona mgonjwa, au ukijua utakaa na mtu mwenye pumu, siku hiyo yaache nyumbani.

Sasa kununua. Usichague kwa umbo la chupa, chagua kwa ua. Langilangi, yale maua ya manjano ya Unguja, Pemba na Komoro, yana utamu mzito; ukinusa vizuri unakumbuka ndizi iliyoiva. Asumini ni kali zaidi. Waridi ni pole. Wanawake wa pwani wamefunga langilangi, asumini na rehani kwenye kikuba miaka mingi kabla maduka hayajatuletea chupa. Hata Chanel No. 5, iliyotoka Ufaransa mwaka 1921, ina langilangi ndani yake. Amouage, kampuni iliyoanzishwa Oman mwaka 1983, ilianza na Gold, manukato ya maua mazito hasa. Kwa hiyo dukani usione aibu kutaja ua kwa jina lake la Kiswahili.

Ukiwa Bukoba, jaribu mawili tu, moja kila mkono. Usinunue hapo hapo. Zunguka sokoni, kunywa chai, rudi baada ya saa mbili. Unachokisikia mkononi wakati huo ndicho utakachoishi nacho. Wauzaji wengine hukupa buni unuse ili pua itulie. Buni tunayo tele Karagwe, lakini kwa kazi hiyo haiishindi hewa safi. Toka nje tu uvute pumzi.

Soma boksi. Eau de parfum ina mafuta mengi ya harufu kuliko eau de toilette, na ndiyo inayodumu. Kisha geuza chupa: namba iliyo chini yake ifanane na ya kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha. Zikifanana, bado kagua maandishi, gundi ya boksi na kizibo. Bei ikiwa ya chini mno kwa jina kubwa, usijidanganye, hiyo ni feki. Bora ununue mafuta mazuri ya asumini kwa hela hiyo hiyo.

Nyumbani, usiipange chupa dirishani ili wageni waione. Jua linaharibu manukato, na rangi ikianza kugeuka, harufu nayo imeshageuka. Irudishe kwenye boksi, uiweke kabatini, mbali na moshi wa jikoni.

Wala usikimbilie chupa kubwa. Kubonyeza mara moja hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita. Ukibonyeza mara mbili kila Jumapili, chupa ya mililita 30 inakupeleka karibu miaka mitatu.