Huzuni ya Mzazi, na Yampasayo Mumewe

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, somo hili ni la maradhi ambayo waume wengi huyaona nyumbani mwao wala wasiyajue.

MFANO WAKE

Mtu wa Tanga amchukua mkewe hata Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida, katika nchi ya Wanyaturu, kwa biashara ya alizeti. Huko mke akazaa. Lau angalikuwa kwao, angalikaa arobaini kwa mamake, akakandwa kwa maji ya moto na kupikiwa uji, na mtoto akapokewa na shangazi zake. Ilongero hana mama wala shangazi, na mume yuko sokoni tangu asubuhi. Yapata wiki ya tatu, mzazi halali hata mtoto alalapo, chakula hakitaki, hulia pasipo sababu, na mwanawe hamfurahii. Mume asema: "Huyu ana shetani, na imani yake ni dhaifu, hata sala ameiacha."

Maneno hayo ni makosa. Sala hakuiacha kwa uvivu. Sheria ndiyo iliyomwondolea, kwani mwenye nifasi hasali wala halipi sala hizo.

MARADHI HAYA NI NINI

Machozi ya siku za kwanza huwapata wazazi wengi, nayo huondoka yenyewe. Yakizidi wiki mbili, hayo ni maradhi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea maradhi ya akili, na mengi yake ni huzuni hii, huwapata wanawake 15.6 kwa mia wakati wa mimba, na 19.8 kwa mia baada ya kuzaa. Basi katika kila wazazi watano, yapata mmoja anayo. Nifasi katika madhehebu ya Shafi ghalibu yake ni siku 40, na nyingi yake siku 60. Lakini huzuni hii haina hesabu hiyo. Aliyetoka arobaini huenda akawa bado mgonjwa.

KISA CHA BIBI MARYAM

Azingatie mwenye akili Sura ya 19. Bibi Maryam, aliyetakaswa juu ya wanawake, uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akatamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Je, alikemewa? La. Alinadiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake na tende mbivu juu yake, akaamrishwa ale, anywe, na atulize moyo, wala asilazimike kuwajibu watu. Nani basi atasema kuwa kila mzazi atamanie kufa hana imani?

KAZI YA MHUDUMU WA AFYA

Tarehe 31 Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na makusudio ni kupata 137,294 katika miaka mitano. Mhudumu si tabibu. Kazi yake ni kubisha hodi, kukaa, kusikiliza, kuuliza usingizi na chakula, kuwaita watu wa nyumbani wasaidie, na kumpeleka mgonjwa zahanati ikilazimu.

Faida yake imekwisha kuonekana kwa Waislamu wa Pakistan. Katika vijiji vya Rawalpindi, wanawake wahudumu walifundishwa kuwazuru wazazi wenye huzuni, tangu mwezi wa mwisho wa mimba. Khabari zake zilitolewa mwaka 2008: miezi sita baada ya kuzaa, waliozuruwa kwa mafundisho hayo walibaki na maradhi 23 kwa mia, na waliozuruwa pasipo mafundisho hayo, 53 kwa mia.

MASUALA

Suali: Yafaa mhudumu mwanamume aingie kwa mke wa mtu?
Jawabu: Atangulizwe mwanamke. Asipopatikana, aingie kwa idhini, na awepo mume au maharimu, kwani faragha ni haramu. Lakini kumfukuza mhudumu na kumwacha mgonjwa bila ya mtu, hiyo si hishima.

Suali: Yatosha kumsomea Kurani?
Jawabu: Kumsomea ni kheri, na Mtume ameamrisha pia kutafuta dawa. Kimoja hakizuii cha pili.

Suali: Akisema atajiua au atamdhuru mtoto, au akisikia sauti zisizokuwapo?
Jawabu: Asiachwe peke yake hata saa moja, wala asingojewe hata kesho. Apelekwe hospitali siku ile ile. Tabibu akiona haja, humpeleka Mirembe, Dodoma. Wala si aibu, kama si aibu kupelekwa mwenye homa.

KHATIMA

Yule mtu wa Ilongero, yampasa mambo manne: afunge duka mapema; achukue mtoto usiku ili mama alale; amlete mamake au nduguye kutoka Tanga, akiweza; na amfungulie mlango mhudumu. Na siri ya mgonjwa ni amana, haisemwi barazani.

Mume aliyepewa mke kwa amana ya Mwenyezi Mungu ataulizwa juu yake. Basi na aanze leo, kabla ya kuulizwa.

Wallahu aalam.