Kichwa cha Andiko la Mradi



Sasa unajua kusoma na kuandika. Kikundi chako kikitaka kuomba msaada kwa kazi ya kijamii, huenda wewe ndiye utakayechaguliwa kuwa katibu. Utatakiwa kuandika andiko la mradi. Andiko la mradi ni karatasi zinazomweleza mfadhili kazi mnayotaka kufanya, mahali, watu, muda na gharama. Somo hili linahusu mstari wake wa kwanza tu, yaani kichwa.

Anayepokea maandiko hupokea mengi, na kichwa ndicho anachosoma kwanza. Kwa hicho huamua andiko liende kwa nani: mtu wa maji, wa misitu au wa afya. Mkikubaliwa, kichwa hicho hicho huandikwa kwenye mkataba. Hapo ndipo mtakapoulizwa: mlichosema mmekifanya?

Tuchukue mfano. Tuseme akina mama wa Malangali, Sumbawanga, wanataka kuotesha miche ya miti. Nyanda za juu za Ufipa zina nyasi nyingi na miti michache, na kuni hutafutwa mbali. Hawatafuti faida. Watagawa miche bure kwa kaya 60. Waandike kichwa gani?

Mmoja anasema, "Kufuta Umaskini Ufipa." Maneno mazuri, lakini Ufipa ni kubwa, na kitalu kimoja hakiwezi kufuta umaskini wake. Mwaka ukiisha mfadhili atauliza umefutwa wapi. Wa pili anasema, "Msaada kwa Akina Mama Maskini." Hiki kinasema wao ni nani, hakisemi watafanya nini. Tena kinawashusha. Watu wenye jembe, ardhi na nia ya kazi hawana haja ya kujitangaza kwa shida zao. Wa tatu amewahi kuhudhuria semina: "Mradi Shirikishi na Endelevu wa Uwezeshaji Jumuishi wa Jamii." Soma tena, polepole. Je, umeona mti?

Waliotutangulia katika elimu ya watu wazima walijua kuchagua majina. Mwaka 1973 kampeni ya afya iliitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali. Maneno matatu tu, na kila mtu aliyashika. Lakini angalia: nyuma ya maneno hayo ilikuwapo redio, na kiongozi wa kikundi wa kuyaeleza. Andiko lako halina redio. "Misitu ni Mali" peke yake haimwambii mfadhili kama mnataka kupanda, kulinda au kupasua mbao.

Kwa andiko, mimi naona mfano bora ni Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza mwaka 1973 kuponya ardhi iliyomomonyoka. Watu waliufupisha wakauita HADO. Hifadhi ni kazi. Ardhi ni kitu kinachofanyiwa kazi. Dodoma ni mahali. Mradi wa namna hiyo ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, ulifuata mtindo ule ule: Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI.

Mahali paandikwe pote. Iko Malangali nyingine Mufindi, mkoani Iringa, inayojulikana sana kwa shule yake. Ukiandika "Malangali" tu, msomaji aliye mbali atafikiri ni huko.

Basi akina mama wetu waandike hivi: "Kuotesha na Kupanda Miti ya Kuni kwa Kaya 60, Kata ya Malangali, Sumbawanga." Idadi ya kaya imewekwa kwa sababu orodha ya majina ipo. Idadi ya miche haikuwekwa, maana miche hufa kwa kiangazi, mchwa na mbuzi. Hiyo iandikwe ndani, penye hesabu. Ukimaliza bajeti, rudi ukisome kichwa upya. Kama kichwa kina miti na bajeti ina pikipiki, kimojawapo kibadilishwe.

Sasa jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni lugha. Wafadhili wengine hutaka Kiingereza. Kikundi humpa mtu wa mjini aandike, kisha wanachama hutia sahihi chini ya kichwa wasichokielewa. Usikubali. Mtu anaweza kuomba fedha za jambo jingine kwa jina lenu, na deni la maelezo likabaki kwenu. Kiandikeni kwanza kwa Kiswahili, kisomwe kwa sauti mkutanoni, kiingizwe katika muhtasari. Kisha kitafsiriwe. Halafu mtu mwingine, siyo yule aliyekitafsiri, akirudishe kwa Kiswahili mbele yenu. Kikirudi na maana nyingine, msitie sahihi siku hiyo.

Zoezi

1. Andika kichwa cha kazi ambayo kikundi chako kinataka kufanya. Msomee jirani ambaye hakuwapo mkutanoni, mara moja tu. Mwulize, kwa Kifipa au kwa Kiswahili: "Unadhani tutafanya nini, na wapi?" Andika jibu lake kama alivyolisema.

2. Vijana wa kijiji wanataka kujengea chemchemi moja inayotumiwa na zahanati. Wameandika kichwa "Maji ni Uhai." Kisahihishe. Kabla ya kuandika, taja mambo mawili ambayo lazima uwaulize vijana hao.