Mdogo Wangu wa Sauti ya Kwanza

Mdogo wangu wa Nyasubi, barua yako imenichekesha na imenigusa. Unaimba sauti ya kwanza kwaya ya parokia, mama zako wa jumuiya wanasema ukipanda juu bati linatikisika, na kwenye simu umewaona wale wanawake wa opera wenye magauni mapana wanaojaza ukumbi mzima bila kipaza sauti. Unauliza kama kazi ile ipo kwa msichana wa Kahama. Ipo. Ila uliyoiona kwenye simu ni kipande chake kidogo, tena ndicho kipande ambacho hakilipi kodi ya nyumba.

Masoprano, yaani waimbaji wa sauti ya kwanza kama wewe, wengi wao duniani wanakula kwa kufundisha. Leo wana onyesho, kesho asubuhi wana mwanafunzi amesimama mbele ya kinanda anaimba "aaa" vibaya. Ndiyo maisha yenyewe hayo, na mimi sikubaliani na wanaosema anayefundisha ni yule aliyeshindwa jukwaani. Pretty Yende unamjua, yule soprano Msauzi aliyeimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles mwaka 2023. Alianzia kanisani kama wewe. Alipokuwa na miaka 16 akasikia kipande cha opera kwenye tangazo la ndege, hakujua hata kinaitwaje, akakitafuta mpaka akafika Chuo Kikuu cha Cape Town. Sasa niambie, nani alimfundisha pale? Virginia Davids, naye soprano, ambaye watu wachache huku kwetu wanamtaja. Yende aliimba Metropolitan Opera ya New York kwa mara ya kwanza mwaka 2013, akajikwaa wakati anaingia jukwaani, akainuka, akaimba. Kuinuka kulikuwa kwake mwenyewe. Ile sauti iliyotoka baada ya pale ina mkono wa mwalimu.

Na usiniambie hayo ni ya Sauzi. Hapo Kenya tu yupo Rhoda Ondeng' Wilhelmsen, soprano. Nairobi haina nyumba ya opera, basi yeye akaanzisha Baraka Opera Trust, na zikapanda jukwaani opera zenye hadithi za watu wetu: Ondieki the Fisherman, halafu Nyanga: Runaway Grandmother, ya bibi anayetoroka. Sasa fikiri. Opera haiimbwi na mtu mmoja, na ukiitaka mahali ambapo waimbaji wake ni wa kuhesabu, itabidi uwatengeneze. Wenzetu wana msaada mmoja ambao mimi nauonea wivu: tamasha lao la muziki la shule lipo tangu 1927, mtoto anasimama peke yake mbele ya waamuzi anaimba wimbo aliopangiwa, anaambiwa wapi amekosea. Wana pia Kenya Conservatoire of Music tangu 1944. Ukifungua darasa la sauti Nairobi unamkuta mzazi anayejua unauza nini. Kahama itabidi uanze kwa kumweleza.

Lakini usijione umezaliwa jangwani. Usukumani mtu wa sauti alikuwa na heshima yake kabla kinanda hakijafika. Baningi, wale waongozaji wa nyimbo za ngoma, wanafundishwa, wanatunga, na baada ya mavuno vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana uwanja mmoja: watu wakihamia upande wa pili, umeshindwa, hakuna cha jaji. Muulize bibi yako. Halafu angalia kwaya zilizojaa ukanda huo, hadi AIC Shinyanga inayosikika mbali na Shinyanga. Malighafi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia binti anayeimba kwamba anajiumiza.

Na hapa nitakugombeza kidogo. Kutikisa bati si sifa. Kwenye kwaya zetu nyingi masoprano hawapandi, wanapiga kelele: shingo imetoka mishipa, kidevu kimeinuka, sauti inatoka kooni. Ukifanya hivyo Jumapili hadi Jumapili, na mazoezi ya jioni katikati ya vumbi la kiangazi, nyuzi za sauti zinaweza kuota vinundu. Ukiona sauti imekauka zaidi ya wiki mbili, usinywe tangawizi na limau ukasubiri Krismasi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, Bugando pale Mwanza wapo. Nyumbani fanya hivi. Simama, weka viganja kwenye mbavu za chini, vuta pumzi mpaka mbavu zifunguke pembeni huku mabega yametulia. Toa "sss" nyembamba, taratibu, bila kuachia mbavu zianguke ghafla. Kisha tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza bodaboda, ukipanda na kushuka do hadi sol. Midomo ikigoma, ujue pumzi imekatika au umekaza. Usiongeze nguvu, rudi chini uanze tena.

Shule sasa. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River, kinatoa shahada ya muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha muziki, na TaSUBa Bagamoyo ipo kwa anayetaka sanaa kwa vitendo zaidi. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, ila pale uti wa mgongo ni taarabu na muziki wa pwani. Kama chuo kiko mbali na mfuko, ipo mitihani ya ABRSM ya Uingereza, ngazi 1 hadi 8, ambayo Afrika Mashariki inafanywa miaka mingi. Jihadhari tu: ukitaka kuvuka ngazi ya 5 ya kuimba kwenda juu, kwa kawaida unatakiwa kwanza ufaulu nadharia ya ngazi ya 5 au mtihani mbadala unaokubaliwa, na hapo ndipo waimbaji wetu wengi wanapokwama, maana wamekulia kwenye sol-fa na ile mistari mitano wanaiona kama maandishi ya mganga. Anza kuijifunza leo, mpiga kinanda wenu anaijua. Na Kiitaliano utakachokutana nacho kwenye nyimbo za opera kisikutishe. Ulimi uliozoea vokali zetu safi hauhangaiki nacho kama wa Mwingereza.

Na usione aibu kufundishwa. Hata Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar ambaye sauti yake ilikuwa tayari inanadi vyungu, alikaa chini akafundishwa na mwanamuziki Ali Muhsin kabla ya kufika Bombay kurekodi mwaka 1928.

Usisubiri cheti ndipo ufundishe. Chukua watoto watatu wanne wa jumuiya, saa moja kila Jumamosi, kila mmoja na ukurasa wake kwenye daftari: ameimba nini, wapi alikosea, wiki ijayo unasikiliza nini. Watayafundisha masikio yako kuliko kioo cha chumbani. Na watoze ada, hata ndogo, kwa mwezi na mapema. Cha bure mzazi anakifuta siku ya kwanza ya mvua.

Ya harusi umeuliza mwishoni kwa aibu, kana kwamba ni dhambi. Kuimba misa ya ndoa ya mwenzako kwenye kwaya ni huduma, imba. Kuitwa peke yako ukumbini, na gauni la kukodi, na nyimbo za kujifunza, hiyo ni kazi. Taja bei mbele ya kamati, nusu kabla. Mwenyekiti akikwambia dada, hii ni kazi ya Mungu, muulize kwa upole mpiga picha ameshalipwa ngapi.