Kisanduku cha Betri: Joto Huanzia Kwenye Kiunganishi

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Mwenye betri nyumbani aliwasha taa, akachaji simu na kusubiri. Asiye nayo alitafuta mshumaa.

Katika Kaunti ya Kilifi, kisanduku cha betri si cha siku za giza pekee. Humfaa mvuvi anayetoka Mayungu usiku, mama anayekaanga samaki kando ya barabara mjini Malindi, mwenye kibanda cha kuchaji simu Ngomeni na vijana wanaokodisha spika za harusi. Vingi hutengenezwa nyumbani: betri ya volti 12, sanduku la plastiki au mbao, nyaya na plagi kadhaa.

Shida ni kwamba mtu hulinganisha bei za betri wiki nzima, kisha plagi huzinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Betri nzuri yenye plagi mbovu ni hatari kuliko betri ndogo iliyounganishwa vyema, hasa katika nyumba ya makuti, ambako cheche moja yatosha. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua viunganishi na kuvifunga ili kisanduku kiwe msaada, kisiwe chanzo cha moto.

Kwa nini volti 12 huunguza

Wengi huamini kwamba volti 12 haina madhara kwa sababu haimrushi mtu kama stima ya ukutani. Lakini isiyomrusha mtu inaweza kuchoma nyumba.

Kifaa cha wati 240 kikichomekwa kwenye stima ya ukutani ya volti 240 huvuta ampea 1. Nguvu hiyo hiyo ikitoka kwenye betri ya volti 12, nyaya hubeba ampea 20. Na kadiri ampea zinavyopanda, joto hupanda kwa kasi zaidi: ampea zikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne.

Joto hilo hujikusanya mahali ambapo shaba haijagusana vizuri. Kiunganishi safi chenye ukinzani wa omu 0.001 kikipitisha ampea 20 hutoa joto la wati 0.4, ambalo mkono hauwezi kulihisi. Kiunganishi hicho kikilegea au kuota kutu hadi ukinzani ufike omu 0.1, hutoa wati 40. Hiyo ni nguvu ya chuma cha kulehemu, tena kikiwa kimefungiwa ndani ya plastiki.

Pwani ina adui wa ziada, naye ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi huileta kutoka baharini hadi ndani ya nyumba, na wakazi wa Gongoni na Marereni, ambako chumvi huvunwa, wanajua inavyokula mabati na misumari. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, shaba ikaota utando wa kijani, na utando huo haupitishi stima vizuri. Ndiyo maana kiunganishi kilichokuwa sawa mwezi wa kwanza kinaweza kuwa cha moto baada ya msimu mmoja.

Hatua ya 1: Hesabu ampea

Kabla ya kwenda dukani, andika kila kifaa kitakachotumia kisanduku na wati zake. Jumlisha, kisha gawanya kwa 12.

Chukua mfano wa kibanda chenye taa 3 za wati 10 kila moja, simu 4 zinazochajiwa kwa wati 10 kila moja na feni ya wati 20. Jumla ni wati 90. Ukigawanya kwa 12 unapata ampea 7.5. Mwenye kibanda akitaka kuongeza inveta ya kuendesha blenda ya wati 300, blenda peke yake ni ampea 25. Inveta nayo hupoteza sehemu ya nguvu, kwa hivyo hesabu ampea 30.

Kiunganishi kiwe na uwezo unaozidi hesabu hiyo kwa angalau robo. Kwa ampea 30, tafuta cha ampea 50.

Hatua ya 2: Chagua kiunganishi kwa kazi yake

Tundu la USB linafaa kwa simu na taa ndogo tu.

Tundu la duara kama lile la kuwashia sigara garini linapatikana kila mahali, lakini hushikiliwa na springi, nayo hulegea na kushika kutu. Lisipitishwe zaidi ya ampea 10, na lisitumiwe kwa inveta kubwa.

Pini ndogo ya duara ya milimita 5.5, kama ile ya chaja za redio na kamera, ni ya taa na vifaa vidogo visivyozidi ampea 5.

Plagi bapa za mtindo wa Anderson, ambazo pia hutumika kwenye folklifti, ndizo zinazofaa kwa inveta. Zipo za ampea 50 na zaidi. Pande zake mbili hufanana, hivyo hakuna pini inayobaki wazi, na zile kubwa za rangi tofauti hazishikani. Hilo huzuia mtu kuchomeka kitu kisichostahili gizani.

Viunganishi vya MC4 ni vya paneli za sola, na huzuia maji vikifungwa vizuri. Visichomolewe wakati paneli inatoa nguvu, kwa sababu mkondo wa moja kwa moja huruka kama cheche ndefu. Zima kwanza au funika paneli.

Kwa kiunganishi chochote chenye pini upande mmoja na matundu upande wa pili, upande wa betri uwe ule wa matundu. Pini za wazi zilizounganishwa na betri zikigusa funguo au kijiko, mamia ya ampea hupita papo hapo.

Kuna plagi moja isiyofaa kabisa kwa volti 12, nayo ni ile ya pini tatu za mraba inayotumika ukutani. Mtoto au mgeni atachukua taa ya volti 12 yenye plagi hiyo na kuichomeka kwenye soketi ya volti 240.

Hatua ya 3: Waya na fyuzi

Waya mwembamba hupata joto na hupoteza nguvu njiani. Kwa ampea 10 na umbali wa mita 3 kutoka betri hadi kifaa, waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza takriban volti 0.7 kwenda na kurudi. Ule wa 2.5 hupoteza takriban 0.4. Kwa inveta ya ampea 30, tumia waya wa milimita za mraba 6, nao uwe mfupi iwezekanavyo.

Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kununua. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha stima kidogo kuliko shaba halisi. Lakini ukiona nyuzi za rangi ya fedha juu na shaba ndani, huo ni waya uliopakwa bati, na ndio unaostahimili chumvi vizuri zaidi.

Fyuzi huwekwa kwenye waya mwekundu, isizidi umbali wa shubiri moja kutoka kwenye betri. Ikiwekwa mbali, kipande kilicho kabla yake hakina ulinzi. Fyuzi hulinda waya, kwa hivyo huchaguliwa kwa unene wa waya: isizidi ampea 10 kwa waya wa 1.5, ampea 20 kwa waya wa 2.5 na ampea 40 kwa waya wa 6. Kila njia inayotoka kwenye betri iwe na fyuzi yake. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Anayeweka msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ameondoa kinga pekee aliyokuwa nayo.

Swichi nazo ziwe za mkondo wa moja kwa moja. Stima ya ukutani hufika sifuri mara 100 kila sekunde, na hapo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo wa betri haupumziki, hivyo unaweza kuyeyusha swichi ya kawaida ya nyumba.

Hatua ya 4: Kubana, si kusokota

Kusokota nyaya mbili na kuzizungushia tepu si kuunganisha. Gundi ya tepu hulainika kwa joto, nyaya hulegea, chumvi huingia.

Tumia vichwa vya shaba ambavyo mafundi huviita lagi, vya kipimo sawa na waya, na koleo la kubania. Menya ganda la waya kwa urefu wa lagi tu, ingiza nyuzi zote bila kukata hata moja, kisha bana. Vuta kwa nguvu. Ikichomoka mkononi, bora imechomoka sasa. Kulehemu peke yake hakutoshi kwa kisanduku kinachobebwa na bodaboda au dau, kwa sababu waya hukakamaa pale lehemu inapoishia na mtikisiko huukata hapo hapo.

Funika kiungio kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Kwenye vichwa vya betri, kaza nati kwanza, kisha paka mafuta mazito ya mgando juu yake kuzuia hewa ya chumvi. Waya mwekundu uwe chanya na mweusi uwe hasi kila mahali, bila kubadilisha hata kama mweusi umeisha dukani.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kuamini

Washa vifaa vyote kwa nusu saa ukiwa karibu, mahali pasipo na kitu cha kushika moto. Kisha gusa kila kiunganishi kwa nyuma ya mkono. Uvuguvugu si tatizo. Kikikufanya uondoe mkono, zima na ukifungue upya. Rudia kipimo hiki kila mwezi, na kila kisanduku kinaporudi kutoka baharini.

Tahadhari za mwisho

Betri ya maji ya asidi hutoa gesi inayolipuka inapochajiwa. Sanduku liwe na matundu ya hewa, na lisichajiwe chini ya kitanda. Betri ya lithiamu iwe na saketi yake ya ulinzi.

Stima inayotoka kwenye inveta ni ya volti 240 na huua sawa na ile ya ukutani. Usitengeneze waya wenye plagi pande zote mbili ili kuilisha nyumba nzima. Nguvu hiyo inaweza kurudi kwenye laini na kumuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani imezimwa. Kuunganisha inveta na nyaya za nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajaanza kazi.

Moto ukizuka, chomoa kisanduku ikiwa tu unaweza kukifikia bila kuungua. Usimwage maji kwenye inveta inayofanya kazi. Betri ya lithiamu ikianza kutoa moshi, toa watu nje na msirudi ndani, kwani moshi wake ni sumu. Piga simu 999 au 112. Huduma za zimamoto ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na wazimamoto hufaidika wakielezwa mapema kwamba kuna betri ndani.

Leo jioni, kabla ya kuwasha taa, fungua kifuniko cha kisanduku chako na utazame viunganishi. Ukiona plastiki iliyobadilika rangi, shaba ya kijani au waya unaocheza, usiwashe. Kifunge upya kwanza.