Tchegera Si Plaji, Ni Hifadhi

Watu wa Goma wakitaka kupumzika Jumapili huwaza ziwa, na wengi huwaza Tchegera, kile kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo ambacho ni mabaki ya ukingo wa kasoko ya volkano iliyozama Ziwa Kivu. Ila ukishuka botini pale, umeingia Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 na inayosimamiwa na ICCN, taasisi ya uhifadhi ya Kongo. Sheria inayomkataza mtu kuchoma makaa msituni ndiyo inayokukataza kuokota yai la ndege Tchegera.

Kabla ya kufunga mzigo, uliza hifadhi yenyewe kama wageni wanapokelewa. Mei 2018 ilifunga milango baada ya mlinzi wa kike kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa, ikafungua tena Februari 2019, na tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025 mambo yanaweza kubadilika kwa siku moja. Mwenye pirogi akikwambia "twende tu, kule wananijua", mwache aende peke yake.

Botini, vaa jile ya kujiokoa kabla injini haijawaka, wala usiifanye mto wa kukalia. Oktoba 3, 2024, boti lililotoka Minova lilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa nchi kavu wanatazama. Lilikuwa limejazwa kupita kiasi. Ukiona lako limejaa, shuka; nauli ni kitu kidogo.

Sasa takataka. Maji ya Kivu hutoka kusini kupitia mto Ruzizi, na chupa uliyoitupa huku kaskazini yaweza kusafiri hadi Bukavu, ikajiunga na rundo la plastiki linaloziba mitambo ya umeme ya Ruzizi I. Ndiyo, mwenzako wa Bukavu huenda anakaa gizani kwa sababu ya soda yako! Basi beba maji katika bido moja kubwa badala ya chupa kumi, na kila sasheti uliyokwenda nayo rudi nayo mjini. Hata maganda ya ndizi.

Ukilala kisiwani, usiku zima muziki. Volkano ya Nyiragongo ikiwa na moto, wekundu wake huonekana angani bila msaada wa spika, na ndege wanaolala kisiwani hawakuomba rumba.

Jambo la mwisho wenyeji wanalijua, wageni hawalijui: mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini katika ukanda huu wa volkano. Kwa kuwa ni nzito, hulala katika mabonde na vishimo, hasa alfajiri upepo ukiwa umetulia, na huua bila harufu. Popote kando ya ziwa hili, ukiona panya au ndege amekufa shimoni, usiiname kumtazama. Mshike mtoto mkono, pandeni juu, kisha mwite gardi.